Mdomo Unasema, Mkono Unapunguza

Walioitengeneza waliiita Legend of the Seeker. Kwetu Kasulu tuliiita "Sika" tu, na ukisema Sika hata muuza karanga alijua unaongelea nini. Ni tamthilia ya sizoni mbili, sehemu 44, iliyotokana na riwaya za Terry Goodkind, ikapigwa picha New Zealand na kuonyeshwa Marekani kuanzia 2008 hadi 2010. Kwetu ilifika kwenye diski za kuchomwa zilizoandikwa "imetafsiriwa". Mwaka 2011 niliitazama yote kwenye kibanda umiza, banda la video la mabati, kwa shilingi mia mbili, jioni baada ya jioni. Ndio mwaka niliokuwa nauguza mama. Mchana nilikuwa wodini. Magharibi shangazi alinipokea zamu, nami nikashuka kibandani kabla ya kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani Kitanga.

Nilidhani ninachokifuata ni upanga, wachawi na misitu ile. Imenichukua miaka kugundua kwamba nilikuwa namfuata mtu ambaye sura yake sikuiona hata siku moja: mtafsiri.

Kazi hii ina wazee wake. Dar es Salaam wanamkumbuka Lufufu, ambaye sauti yake ilijaa mitaani enzi za kanda za VHS, na Kampala wapo ma-VJ wanaofanya hivyohivyo kwa Kiganda. Mtu mmoja anakaa mbele ya picha na maikrofoni, anasema maneno ya wote: stelingi, adui, mama mkwe, farasi ikibidi. Mdomo unasema, mkono uko kwenye kitufe cha sauti. Akiongea anaipunguza sauti ya picha, akinyamaza anaipandisha. Mkono ukichelewa nusu sekunde, mlio wa panga unameza jina la muuaji, na kibanda kizima kinapiga kelele.

Wanaoanza utawajua kwa "anasema kwamba". Anasema kwamba nenda, naye anajibu kwamba siendi. Unachoka kabla adui hajatokea. Huyu wa Sika hakuwa hivyo. Aliingia ndani ya mtu moja kwa moja, na hakuhangaika kubadili sauti kama anayechekesha watoto. Alibadili mwendo. Richard, stelingi mwenyewe, alimpa sentensi fupi, za kijana wa shamba asiyezoea kuhutubia. Zedd, mzee mchawi anayependa kula, alimsemesha polepole kana kwamba daima ana kiazi mdomoni. Kahlan, shujaa wa kike, hakumfanyia sauti nyembamba. Alishusha tu sauti yake, nasi tukainama mbele kumsikiliza. Kumbuka pia kwamba Kiswahili hutumia silabi nyingi kuliko Kiingereza. Mwigizaji akifungua mdomo mara mbili, wewe una silabi nne za kupitisha hapo. Kwa hiyo alikata. Kwenye baraza la watu sita wanaobishana alituchagulia wawili, na sikuona siku alipochagua vibaya.

Kukosea alikosea. Kuna sehemu alimfanya kaka kuwa mchumba, na hadithi ikagoma kwenda. Sehemu iliyofuata akaanza hivi: "Wapenzi watazamaji, yule ni kaka yake, nilipitiwa." Akaendelea. Nawajua wasomi wasioweza kuandika sentensi hiyo.

Mimi namheshimu zaidi kwa majina. Cheo cha Kahlan kwa Kiingereza ni Confessor. Kamusi ingempa "muungamishi", na Kasulu, palipo na Wakatoliki wengi, tungemwona padri kwenye kitubio. Kumbe kazi ya Kahlan ni nyingine kabisa: akimshika mtu koo, macho yake yanageuka meusi, na yule mtu anabaki mtumwa wake wa mapenzi, hawezi kumdanganya tena. Mtafsiri akamwita Mama Kweli. Basi. Mzee mmoja aliyekuwa akikaa karibu na mlango akasema, "Huyu ni Mwami Tereza." Vijana wakacheka, kisha wakauliza, na usiku ule baada ya picha akawasimulia habari za Mwami Tereza Ntare, mwanamke aliyetawala Heru kabla ya uhuru. Wengine walikuwa wamezaliwa palepale Kasulu na hawajawahi kumsikia.

Zedd akawa Babu. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa na Babu mmoja tu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, na foleni ya maelfu ya watu wakisubiri kikombe chake cha dawa cha shilingi mia tano. Siku Zedd alipomponya majeruhi, mtafsiri akatia neno: "Huyo ameshapata kikombe." Kibanda kilivunjika mbavu. Nyumbani kwetu tulikuwa tumeshaanza kuchangishana nauli ya kumpeleka mama Loliondo, wengine wanataka, wengine hawataki, na maneno yalikuwa yamekuwa makali. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na nilipofika nyumbani niliweza kukaa nao chumba kimoja.

Lakini niseme habari ya mwanzo wa sehemu ya kwanza. Kahlan na dada yake wanakimbia kwa farasi, askari wako nyuma yao. Dada anapigwa mshale. Mbele kuna mpaka wa kichawi ambao watu hawaupiti. Mtafsiri mchanga angejaza pale pote: wanakimbia, tazama, ndugu mtazamaji, mshale huo. Huyu alinyamaza. Akapandisha sauti ya picha, tukabaki na kwato na pumzi.

Kibandani mle walikuwamo watu waliotoka Burundi. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa bado ipo. Ilifungwa mwishoni mwa 2012. Walikuwapo pia Waha wenzetu wenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Nyuma yangu alikaa mama aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha pale nje, ambaye kwa kawaida aliongea na picha toka mwanzo hadi mwisho. Hakusema kitu. Hakuna aliyetafuna. Kahlan akarusha farasi, mwanga ukamfunika, na mtafsiri, huko alikokuwa, akasema neno moja:

"Amevuka."

Yule mama akashusha pumzi, akasema kwa Kirundi maneno ambayo sikuyashika, na akaanza kuongea na picha kama kawaida.

Wenye tamthilia yao hawakupata senti kwa diski zile. Ni kweli, na ni dhuluma, sitaipamba. Ila miaka ya karibuni nimeitazama tena kwa Kiingereza, kwenye simu, maandishi yakipita chini. Ni tamthilia ya kawaida, na pale mtafsiri aliponyamaza sikukuta chochote kilichostahili kusemwa.

Kama nyumbani kwenu limebaki boksi la diski zilizoandikwa "imetafsiriwa", msiwape watoto wachezee. Tafuteni deki inayofanya kazi, mzihamishie kwenye flashi. Yangu ya sizoni ya kwanza imekwaruzika kuanzia sehemu ya 9. Mwenye nzima, naomba nikopi.