Ufundi wa Kungoja

Chukua seva inayopokea malipo ya umeme. Mteja ametuma fedha, seva imehakiki, imemrudishia tokeni yake. Kilichobaki ni kumtumia risiti kwa barua pepe na kuandika muamala kwenye daftari la hesabu, mambo ambayo hayana sababu ya kumchelewesha mtu aliyekaa gizani. Mwandishi wa programu, kama anatumia lugha ya Rust, huandika mstari unaoanza na tokio::spawn, akaiachia kazi hiyo ijiendee kando, naye akamgeukia mteja mwingine. Wengi hawautazami tena mstari huo. Kumbe ufundi wenyewe unaanzia hapo.

Tokio ni rantaimu: programu ya chini inayoamua kazi ipi iendeshwe, lini, na kwenye kiini kipi cha prosesa. Carl Lerche aliitangaza pamoja na wenzake mwaka 2016, na toleo la 1.0 likatoka Desemba 2020. Katikati ya safari hiyo, Oktoba 2019, mratibu wake wa kazi aliandikwa upya. Mratibu huyo ndiye ninayemsifu hapa.

Hatua ya kwanza ni kuifungasha kazi. Uzi (thread) kamili wa mfumo endeshi ni mzigo: Rust huutengea nafasi ya megabaiti 2 za staki kwa kawaida, hata kama uzi wenyewe utashinda umelala. Kazi ya Tokio hutengewa kipande kimoja tu cha kumbukumbu, mara moja, na gharama ya usimamizi wake ni ndogo juu ya kile kazi yenyewe inachobeba. Kwa hiyo kazi elfu nyingi hukaa pamoja kwenye nyuzi chache, kwa kawaida uzi mmoja kwa kila kiini cha prosesa.

Kila uzi una foleni yake yenye nafasi 256, na mwenye foleni pekee ndiye anayeruhusiwa kuongeza kazi humo. Pembeni kuna nafasi moja ya upendeleo, ya kazi iliyoamshwa sasa hivi, kwa sababu data yake huenda ingali karibu na prosesa. Foleni ikijaa, nusu yake huhamishiwa foleni ya pamoja. Foleni hiyo ya pamoja nayo isisahaulike. Mratibu wa lugha ya Go huichungulia kila zamu ya 61, na mafundi wa Tokio waliazima namba hiyo kabla ya kumfundisha mratibu wao ajipangie mwenyewe kwa kupima urefu wa kazi zinazopita. Nimeipenda 61. Ni namba tasa, haielekei kugongana na mdundo wowote wa programu.

Sasa zamu ya kazi yetu imefika. Uzi unaigusa na kuiuliza: umemaliza? Kazi inasonga mbele hadi pale inapohitaji kitu ambacho hakijafika, tuseme jibu la seva ya barua, halafu inajibu: bado. Kabla ya kujibu hivyo lazima iwe imeacha kiamshi kwa yule inayemngoja. Baada ya hapo inaondoka kabisa kwenye uzi. Haiulizwi tena kila dakika, haizunguki, haili umeme. Kwenye Linux, mlinzi wa mlango ni epoll: jibu likiingia, kerneli inatoa taarifa, kiamshi kinabonyezwa, kazi inarudi foleni.

Ugumu uko kwenye sekunde ndogo isiyoonekana. Itakuwaje jibu likifika wakati kazi ingali inaendeshwa, kabla haijamaliza kusema “bado”? Mwamshaji akiirudisha foleni papo hapo, nyuzi mbili zinaweza kuishika kazi moja kwa pamoja. Akiipuuza, kazi italala milele na risiti haitafika. Mafundi walilimaliza jambo hili kwa neno moja la kumbukumbu. Ndani ya neno hilo kuna biti zinazosema kama kazi inaendeshwa, kama imeamshwa, kama imekamilika, na biti zilizobaki huhesabu ni wangapi bado wanaishikilia. Kila badiliko hufanywa kwa tendo moja lisilogawanyika: kama hali ingali kama nilivyoiona, ibadilishe, kama mwingine amenitangulia, soma upya ujaribu tena. Mwamshaji akikuta kazi inaendeshwa, anaweka alama tu na kuondoka. Uzi unaoiendesha, ukifika mwisho wa zamu, unaikuta alama na kuirudisha kazi foleni wenyewe. Hakuna kufuli, hakuna kusubiriana, na kazi haiingii foleni mara mbili. Nimesoma programu nyingi zenye mbwembwe. Chache zina kitu safi kama hiki.

Uzi ukiishiwa kazi haukai bure. Unamchagua jirani kwa bahati nasibu na kumwibia. Tazama kiasi kinachoibwa: nusu. Ni kama kinamama wanaochambua mchele wa shughuli. Aliyemaliza ungo wake hamwombi mwenzake kiganja kimoja kimoja, anamega nusu ya lundo na kwenda kukaa. Tena nyuzi zote haziruhusiwi kutafuta kwa wakati mmoja. Zinazotafuta haziruhusiwi kuzidi nusu, maana wezi wakiwa wengi kuliko mali, muda wote utaishia kwenye kugombania.

Kuna kazi yenye tamaa. Soketi yake ina data kila inapoisoma, hivyo haina haja ya kusema “bado”, na majirani wanakaa na njaa. Tokio huipa kila kazi bajeti ya matendo 128 kwa zamu moja. Yakiisha, soketi huijibu “bado” hata kama data ipo, na kazi inalazimika kupisha. Ni uongo mdogo wenye adabu. Lakini bajeti hii haina nguvu juu ya kazi inayokokotoa hesabu ndefu bila kugusa chochote cha Tokio. Go, tangu toleo la 1.14 la mwaka 2020, inaweza kuikatiza kazi ya namna hiyo, Tokio haiwezi. Hesabu nzito ipelekwe kwenye nyuzi za pembeni zilizotengwa kwa kazi za kuzuia, ambazo kwa kawaida hazizidi 512.

Jambo moja wanafunzi hulikosa. Aliyeiachia kazi hupewa mshiko wa kudai matokeo. Akiutupa, kazi haifi, inaendelea peke yake. Lakini rantaimu yenyewe ikifungwa, kazi zisizokwisha hukatwa pale zinapopisha. Risiti muhimu inahitaji mtu wa kuingoja kabla taa hazijazimwa.

Na mafundi wa Tokio walijuaje kwamba foleni za mratibu wao hazina ufa? Waliandika chombo kiitwacho Loom, kinachoendesha jaribio lilelile tena na tena kwa kupanga upya mfuatano wa matendo ya nyuzi, ili makosa yanayotokea kwa nadra yafichuliwe makusudi. Mifuatano hiyo huongezeka haraka mno, kwa hiyo wakati wa majaribio foleni ya nafasi 256 hupunguzwa kuwa na nafasi 4. Uamuzi huo umeandikwa waziwazi kwenye faili la queue.rs, na msimbo wote uko huru kwa leseni ya MIT. Kama unajifunza kuandika programu, lifungue faili hilo. Soma kwanza maelezo ya waandishi, halafu msimbo, na usiharakishe.