Ukakamavu wa Pete za Aljebra na Mipaka ya Kitambulishi cha Makar-Limanov

Mwaka 1996 Leonid Makar-Limanov alithibitisha kwamba umbo linaloelezwa na mlinganyo x + x²y + z² + t³ = 0, juu ya namba changamano, si nafasi ya kawaida ya vigeu vitatu, ijapokuwa kwa jicho la topolojia haliwezi kutofautishwa nayo. Uthibitisho huo uliondoa kikwazo kikubwa katika suala la muda mrefu. Mwaka uliofuata Kaliman, Koras, Makar-Limanov na Russell walionesha kwamba kila utendaji wa namba changamano zisizo sifuri juu ya nafasi hiyo ya vigeu vitatu unaweza kuwekwa katika sura ya mstari. Tangu hapo zana iliyotumika, yaani kitambulishi cha Makar-Limanov, imepata sifa ya kuwa mizani ya kupimia kila umbo linalofanana na nafasi ya kawaida. Makala hii inaihoji sifa hiyo. Zana hiyo ni imara pale pete inapokuwa kakamavu kabisa, lakini hunyamaza palepale swali kubwa zaidi linapoanza.

Pete inayozungumziwa hapa ni mfumo wa kujumlisha na kuzidisha ambamo ab na ba ni kitu kimoja. Derivesheni ni kanuni D inayohifadhi kujumlisha na kutii sharti D(ab) = aD(b) + bD(a). Baadhi ya derivesheni zina tabia ya kukoma: kila kipengele kikipitishwa mara za kutosha hufika sifuri, ingawa idadi ya hatua hutofautiana kati ya kipengele kimoja na kingine. Kwa mfano, x³ huzaa 3x², kisha 6x, kisha 6, kisha sifuri. Kanuni inayoigeuza x kuwa x yenyewe, kwa upande mwingine, haikomi kamwe. Pete kakamavu ni ile isiyokubali derivesheni yoyote yenye kukoma isipokuwa ile ya sifuri.

Neno ukakamavu limechaguliwa kwa sababu. Pete ikiitwa “ngumu”, mwanafunzi atadhani anaonywa kuwa somo ni zito. Na neno mnyambuliko, ambalo lingefaa kwa derivesheni, tayari linamilikiwa na wanaisimu wa vitenzi. Wanaosanifu istilahi za hisabati ya juu kwa Kiswahili hawajaonesha haraka ya kulimaliza jambo hili.

Kitambulishi chenyewe ni mkusanyiko wa vipengele vyote vinavyofanywa sifuri na kila derivesheni yenye kukoma. Katika pete ya polinomia ya vigeu vitatu hubaki namba tupu, kwa kuwa kila kigeu kina derivesheni inayokitikisa. Katika umbo la 1996 hali ni tofauti. Pete yake si kakamavu: kanuni inayoifanya z kuwa x², y kuwa −2z, na kuziua x na t, ni halali na hukoma. Hata hivyo, kila derivesheni yenye kukoma huiua x. Namna Makar-Limanov alivyolifikia jambo hilo inastahili kusifiwa kuliko matokeo yenyewe. Vigeu hupewa uzito, vijenzi vizito tu vya mlinganyo hubakizwa, na x²y + z² + t³ huchukua nafasi ya mlinganyo mzima. Derivesheni nayo hurithiwa na pete hiyo iliyorahisishwa bila kupoteza tabia ya kukoma. Hapo vipeo 2 na 3 hufanya kazi yake, kwa maana jumla ya aina ya a² + b³ isiyo sifuri haiwezi kuuawa bila a na b zenyewe kuuawa.

Udhaifu hujitokeza kigeu kipya kinapoongezwa. Danielewski alikwisha kutoa onyo mwaka 1989 kwa nyuso mbili, xy = z² − 1 na x²y = z² − 1. Kitambulishi cha ya kwanza ni namba tupu, na cha ya pili ni polinomia zote za x. Kwa hiyo nyuso hizo si kitu kimoja. Lakini kila moja ikiongezewa kigeu kimoja huru, hulingana kabisa. Tofauti iliyoonekana wazi imefutika, na kitambulishi hakikuweza kuilinda.

Hili si jambo la pembeni. Swali la Zariski la ufutaji linauliza: ikiwa pete A, baada ya kuongezewa kigeu kimoja, inakuwa pete ya polinomia, je, A yenyewe ni pete ya polinomia? Katika mifumo ambamo kujumlisha 1 mara p huleta sifuri, Neena Gupta alijibu mwaka 2014 kwamba si lazima, kuanzia vigeu vitatu. Katika namba changamano swali bado liko wazi kuanzia vigeu vitatu, na umbo la 1996 ni mmoja wa watuhumiwa wakuu. Mwaka 2009 Adrien Dubouloz alithibitisha kwamba umbo hilo likiongezewa kigeu kimoja, kitambulishi chake hushuka hadi namba tupu, sawasawa na cha nafasi ya vigeu vinne. Zana iliyomtambua mtuhumiwa mwaka 1996 haina la kusema mbele ya kesi yenyewe.

Pete kakamavu hazina fedheha hiyo. Imethibitishwa kwamba A ikiwa kakamavu, kitambulishi cha A yenye kigeu cha ziada ni A ileile, hakuna kinachopotea. Kwa hiyo kusoma ukakamavu kama hali pungufu isiyovutia, kama inavyofanyika katika maandishi mengi, ni kosa la tathmini. Gharama yake ni kuuthibitisha. Flenner na Zaidenberg waliuliza mwaka 2003 kama pete ya x³ + y³ + z³ + t³ = 0 ni kakamavu. Jibu la ndiyo lilitolewa mwaka 2016 na Cheltsov, Park na Won, kwa nyuso zote laini za kipeo cha tatu, na halikutoka katika ufundi wa uzito ulioelezwa juu bali katika jiometri ya nyuso zenyewe. Wapimaji wa miradi wanaotaka kuona kitu kilichopatikana watalazimika kuikubali miaka 13 iliyoishia katika uthibitisho kwamba kitu hakipo.

Kuhusu umbo la 1996 lenye kigeu cha ziada, hata nadharia ya homotopia ya aljebra haijasaidia: Dubouloz na Fasel walionesha mwaka 2018 kwamba kwa kipimo hicho umbo lenyewe hunywea hadi nukta moja, kama nafasi ya kawaida inavyofanya.