Injini ya Kuirithi 2F

Fundi mzuri wa Land Cruiser za zamani humuuliza mteja maswali kabla ya kuigusa injini. Gari la mfululizo wa 40 likiletwa gerejini kwa kuvutwa, atataka kujua linafanya kazi gani: linapanda milima na mzigo, linakwenda shamba mara moja moja, au linatunzwa kwa mapenzi tu. Kisha ataingia chini ya gari na kukaa huko muda mrefu. Kufunga injini ni kazi ngumu, lakini wanaoiweza ni wengi. Wanaojua kuichagua ni wachache, na ujuzi wao haupewi heshima unayostahili.

Magari haya yaliundwa kuanzia 1960 hadi 1984. Ya petroli yalianza na injini ya F, yenye ujazo wa lita 3.9, ambayo muundo wake ulifuata kwa karibu injini za silinda sita za General Motors. Mwaka 1975 ikaja 2F: kipenyo cha silinda kiliongezwa kutoka milimita 90 hadi 94, mwendo wa pistoni ukabaki milimita 101.6, na ujazo ukafika lita 4.2. Zote mbili zina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na hapo ndipo ulipo utulivu wake. Pistoni ya kwanza na ya sita hupanda na kushuka pamoja. Ndivyo pia ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne. Jozi hizo tatu zimeachana kwa nyuzi 120, hivyo msukumo wa jozi moja hufutwa na jozi mbili zilizobaki. Injini ya silinda nne hubaki na mtikisiko unaojirudia mara mbili kwa kila mzunguko wa kranka, na nyingi huongezewa shafti za kuutuliza. Sita za mstari hazihitaji nyongeza hiyo.

Marekani, wengi wameitoa 2F na kuweka V8 ya Chevrolet. Inaingia, na nguvu inayo. Lakini mimi naona gari hilo limepoteza tabia yake: ule mvuto mzito wa chini, unaolifanya litambae juu ya mawe bila dereva kuhangaika na mafuta. Boneti ile ndefu ilichorwa kwa ajili ya injini ndefu.

Swali la kwanza la fundi ni kama injini iliyomo imekufa kweli. Huipasha moto ikiwa bado inawaka, hung'oa plagi zote sita, huifungua kabureta hadi mwisho, kisha hupima kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Kinachomshughulisha zaidi ya ukubwa wa namba ni kulingana kwake. Silinda moja ikiwa chini, hutia oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, atazame valvu. Silinda mbili za jirani zikianguka pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yake. Kwa geji moja na oili kidogo, mwenye gari anaweza kuambiwa kwamba hahitaji injini nyingine, bali hedi ishushwe na silinda zichongwe. Fundi anayesema hivyo wakati angeweza kuuza injini nzima namheshimu sana.

Ikibainika kwamba bloku imepasuka, safari ya Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, haikwepeki. Injini iko sakafuni, imeoshwa kwa dizeli ikang'aa, na muuzaji anaapa kwamba imetoka Japani juzi. Fundi hashughuliki na mng'ao. Hufungua kifuniko cha kutilia oili na kuchungulia: tope jeusi linaeleza oili iliyosahaulika, rangi ya maziwa inaeleza maji yaliyoingia. Kisha hupitisha kidole kwenye vile vifuniko vidogo vya chuma ubavuni mwa bloku vinavyoziba njia za maji. Vikiwa vimeliwa na kutu, injini hiyo ilinyweshwa maji matupu miaka mingi, na njia zake za ndani huenda zimeziba. Itachemsha hata ukiifungia rejeta mpya.

Halafu huitia mkono. Huisukuma kranka mbele na nyuma kwa wenzo, asikilize kama inacheza kupita kiasi. Huizungusha polepole mizunguko miwili kamili, na katika mizunguko hiyo mkono unapaswa kukutana na ukinzani mara sita, wa nguvu ileile na kwa umbali uleule. Ukipungua mmoja, keshajua. Kumtazama fundi akifanya hivyo, kichwa kimeinama na macho yametazama pembeni kwa sababu mkono ndio unaofanya kazi, ni jambo ambalo sijalichoka.

Muuzaji akikubali hedi ifunguliwe, inakuja rula ya chuma. Hedi ya silinda sita ni ndefu, na iliyowahi kuchemsha hupinda. Fundi huilaza rula kwa urefu, kisha kwa mshazari, akijaribu kupenyeza fila geji chini yake. Kwenye 1HZ, dizeli ya lita 4.2 iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990, hutafuta pia nyufa ndogo kati ya valvu, ambako joto huumiza kwanza.

Injini nzuri inaweza kulikataa gari. 1HZ ina mkanda wa taiming ambao usipobadilishwa kwa wakati huua valvu, ilhali familia ya F na dizeli ya 2H huzungusha kamshafti kwa meno. 1HZ ilifungwa pia kwenye mabasi ya Coaster, hivyo bakuli la oili hupimwa kabla ya pesa kutoka, lisije likagonga difu ya mbele springi zikibonyea. Dizeli nyingi zilizotoka kwenye Land Cruiser za Japani ni za volti 24. Stata na hita zake hazitapatana na gari la volti 12. Ile 1FZ-FE ya lita 4.5 inavutia, lakini nguvu yake kamili huja kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika, na Land Cruiser 40 za awali zina breki za drami magurudumu yote manne. Ukiiweka humo, jitayarishe kubadili breki pia.

Uamuzi wangu: gari la petroli lenye fremu na giaboksi nzima lipewe 2F nyingine, au 3F ya kabureta, mdogo wake wa lita 4.0 mwenye mwendo mfupi wa pistoni. Gari la kubeba mizigo kila siku lipewe 2H, au 1HZ yenye hedi iliyopimwa.

Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini, kadi nayo irekebishwe. Na ukimtuma fundi akuchagulie, mlipe siku hiyo kama utakavyomlipa siku ya kufunga, hata akirudi mikono mitupu na kukwambia kwamba hakuona inayofaa.