Kupiga na Kueleza: Hisia za Mpigaji katika Preludi ya Chopin

Wahakiki wengi hudai kuwa mpigaji piano huzimimina hisia zake katika sauti kama mshairi azimiminavyo katika maneno. Dai hili halina budi kupimwa kwa kuizingatia ala yenyewe. Katika Kiswahili, jina kinanda hujumuisha piano na ogani, na kitenzi piga hutumika kwa zote mbili. Ujumla huo unaficha tofauti ya msingi. Ndani ya piano, nyundo hugonga nyuzi. Namna kidole kinavyobonyeza ndiyo huamua ukubwa wa sauti, ambayo hufifia pasipo mpigaji kuweza kuikuza tena. Ndani ya ogani, hewa hupita katika mabomba, na sauti hudumu kwa nguvu ileile hadi kidole kiondolewe.

Preludi ya nne katika Opus 28 ya Frédéric Chopin, iliyochapishwa mwaka 1839, inadhihirisha uzito wa tofauti hiyo. Mkono wa kulia hushikilia noti ndefu chache, ilhali wa kushoto hurudiarudia mafungu ya noti yanayoshuka hatua kwa hatua. Chopin ameagiza ipigwe kwa hisia, lakini hakutaja hisia ipi. Majonzi yanayosikika hujengwa na noti ya juu inayofifia huku yaliyo chini yake yakibadilika. Mpigaji huamua tu jinsi ya kuianzisha. Kufifia kwake hana uwezo nako.

Katika mazishi ya Chopin jijini Paris mwaka 1849, preludi hiyo ilipigwa kwa ogani. Mshuko wa noti ulibaki, ila kule kufifia kulitoweka. Hivyo basi, kuna hisia iliyofumwa katika utunzi, ambayo huhimili mabadiliko ya ala, na kuna hisia ya mguso wa kidole, ambayo haihimili. Hata Eduard Hanslick, aliyekana mwaka 1854 kuwa hisia ndizo maudhui ya muziki, alimwachia mpigaji nafasi ya kuzitoa hisia zake kupitia ala.

Kwa mintarafu hiyo, kauli kwamba mhusika wa riwaya “alieleza huzuni yake kwa kinanda” haijitoshelezi kihakiki. Mhakiki anapaswa kuuliza ni kinanda kipi, na kidole kilifanya nini ambacho utunzi wenyewe haukuwa umekwisha kukisema.