Sakafu ya Mianzi Hukaguliwa Ukingoni

Ukialikwa kuitazama sakafu mpya ya mianzi, macho hukimbilia katikati ya chumba, panapong'aa. Mimi huanzia kwenye kona na chini ya fremu za milango. Vanishi huupendezesha ubao wowote, mzuri na mbovu. Kazi ya kiwanda na ya fundi huonekana pembeni.

Tuanze na ubao wenyewe. Mbao nyingi za sakafu za mianzi hutoka China, nazo hutengenezwa kwa mwanzi mkubwa uitwao moso. Mwanzi ni jamii ya nyasi. Hurefuka kwa miezi michache tu, kisha huhitaji miaka kadhaa kukomaa, na moso wa sakafu hufaa kukatwa ukiwa na miaka 5 au 6. Uliokatwa mapema una urefu na unene uleule, ila nyuzi zake bado ni laini, na mguu wa kiti ukiburutwa juu yake huacha mfuo. Umri huo hauonekani kwa macho, basi omba kipande dukani, ukikandamize kwa ncha ya ufunguo, ukilinganishe na kipande cha duka jingine.

Kuhusu rangi, wanunuzi wengi huamini kwamba ubao wa kahawia ndio mgumu, labda kwa sababu unafanana na mninga. Mambo ni kinyume. Rangi ya asili ya mwanzi ni njano iliyofifia. Kahawia hupatikana kwa kuupika kwa mvuke wenye shinikizo hadi sukari iliyomo iungue, na kupikwa huko huupunguzia mwanzi ugumu. Kwa sebule yenye watoto na viti vya kusukumwa ningechukua wa njano, au ule wa nyuzi zilizopondwa, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa nguvu kubwa. Huo wa kushindiliwa ni mzito mkononi, na kwa ugumu huzishinda mbao nyingi za miti.

Sasa ugeuze ubao uutazame kichwani, pale ulipokatwa kwa msumeno. Vipande vishikane barabara, pasiwe na vitundu wala ufa mwembamba unaofuata mstari wa gundi. Kisha chukua mbao mbili kutoka maboksi mawili tofauti, ziweke juu ya meza iliyonyooka, ingiza ulimi wa moja kwenye mfereji wa nyingine, halafu fumba macho upitishe ukucha juu ya kiungo. Ukucha ukikwama, mbao hizo hazikuchongwa kwa kipimo kimoja, na hakuna fundi atakayeliondoa tatizo hilo chumbani kwako. Nusa pia boksi linapofunguliwa. Harufu inayowasha macho ni dalili ya gundi inayotoa fomaldehaidi kwa wingi. Alama ya E1 ni ya kiwango cha Ulaya kinachoweka kikomo cha hewa hiyo. Itafute kwenye karatasi za bidhaa.

Ubao mzuri bado unaweza kuharibiwa na unyevu, na kwa nyumba za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hapa ndipo pa kukazia macho. Mwanzi hutanuka ukinywa unyevu na kusinyaa ukikauka. Zege lipimwe kwanza: bandika kipande cha nailoni sakafuni, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku nzima au zaidi. Ukikuta matone chini yake, au zege limekoza rangi, subiri likauke. Mbao nazo zikae ndani ya chumba kitakachotandikwa kwa saa 72 angalau, kiyoyozi kikiwashwa kama kitakavyotumika siku zote. Zile za kushindiliwa zikae zaidi, maana hupokea unyevu polepole. Fundi anayeshusha maboksi asubuhi na kutaka kuanza kazi mchana, mwambie arudi wiki ijayo.

Fundi stadi hujulikana kwa fremu ya mlango. Badala ya kuukata ubao uizunguke fremu, huikata fremu yenyewe chini kwa msumeno, ubao ukaingia humo bila pengo kuonekana. Hujulikana pia kwa hesabu: hupima chumba chote kabla ya safu ya kwanza, ili safu ya mwisho isibaki utepe mwembamba ukutani. Vichwa vya mbao katika safu jirani huvipishanisha kwa sentimita 30 hivi. Tembea peku juu ya kazi yake. Mlio wa kugonga chini ya kisigino maana yake zege halikusawazishwa.

Kikubwa kuliko vyote ni nafasi ya kutanukia, milimita 10 hivi kuzunguka kuta zote, nguzo na mabomba. Isipoachwa, masika yakifika mbao husukumana na sakafu huinuka katikati ya chumba. Makabati mazito ya jikoni nayo yasisimamishwe juu ya sakafu isiyogandishwa chini, kwa kuwa huibana vilevile. Nafasi hiyo hufunikwa na ubao wa ukingoni mwa ukuta, na wapo wanaoharakisha kuufunga ili isionekane kwamba haipo. Mwambie fundi mapema kuwa ubao huo utafungwa ukiwepo, na malipo ya mwisho yasubiri hadi uipime nafasi hiyo mwenyewe kwa rula, ukuta kwa ukuta.