Shaba Yenye Bei Mbili

Transfoma ya kilo nane ikiwekwa mezani Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ina bei mbili. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaitia kwenye mizani, anakisia shaba iliyomo, anataja bei ya kilo. Muuzaji anayeijua kazi yake anauliza kwanza kama ingali hai.

Lubumbashi ni mji wa shaba. Kiwanda cha Union Minière kiliyeyusha shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi shaba ya Katanga ilipelekwa Hoboken, Ubelgiji, kusafishwa. Katika mji kama huu, waya wowote mnene unavutia moto: kata, choma varnishi, uza. Kinachoungua pamoja na varnishi ni kazi ya mtu aliyepanga mamia ya mizunguko, safu juu ya safu, karatasi katikati, akaisokota kwenye bati nyembamba za chuma chenye silikoni. Ndiyo maana namsifu anayeokoa transfoma kutoka kwenye mashine za ofisi zilizotupwa na vifaa vya maabara vilivyochakaa, akaziuza kwa vijana wanaojijengea ampli. Anazuia kitu kizima kisigeuzwe kilo.

Wapo wanaodhani kazi yake ni kubeba tu. Lakini uzito haushuhudii lolote kuhusu kilichomo ndani, na mnunuzi hawezi kuona ndani. Basi muuzaji anaunganisha balbu ya wati 100, ile ya zamani ya waya unaowaka, mfululizo na njia ya kuingizia umeme, akiziacha nyaya za kutolea wazi. Balbu ikimeta kidogo kisha ikafifia, kuna matumaini. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, mizunguko imegusana ndani, na hapo mwenye mizani anaweza kuichukua.

Kisha anapitisha kwenye upenyo mizunguko kumi ya waya wake mwembamba, anawasha, anapima. Multimeta ikisoma volti 4, kila volti inadai mizunguko miwili na nusu. Upande wa volti 220 una takriban 550. Anapima pia kiini cha chuma kinachopita katikati ya koili: sentimita za mraba 18, kwa umeme wetu wa hezi 50, zinaashiria uwezo wa voltiampea 300 hivi. Naipenda sana hesabu hii. Kitu kisicho na lebo kinasema kilivyotengenezwa, bila kufunguliwa wala kukatwa.

Iliyotoka Marekani inahitaji maneno ya ziada. Ikiwa na koili mbili za volti 115, huungwa mfululizo. Ila kama ilitengenezwa kwa hezi 60 tu, kwetu chuma chake kinabeba mzigo wa sumaku zaidi kwa sehemu moja ya tano, na huenda kikapata joto na kuvuma. Asiyelisema hilo ameuza nusu ya bidhaa.

Halafu anakuja kijana.

"Papa, natafuta transfo kubwa."

"Kubwa ya nini, mwanangu? Ampli yako inatumia nini?"

"TDA7294."

Mzee anaisogeza kando ile ya volti 35 mara mbili, iliyo ghali zaidi, anachukua ya 25 mara mbili. Volti 35 za mkondo geu zikishapita kwenye diodi na kujaa katika kapasita zinafika karibu 48 kila upande, na TDA7294, kidude cha kukuza sauti, mwisho wake ni 40 kinapofanya kazi. Za 25 zinafika karibu 34, hapo kitaishi. Amejipunguzia faida kwa swali moja, na mimi sijui biashara inayostahili heshima kuliko hiyo.

Kwa nini kijana ahangaike na chuma kizito hivi? Kwa sababu ya besi. Gitaa la besi linapogonga, kanisani au kwenye arusi, kapasita zinamwaga akiba yake na transfoma inazijaza tena mara 100 kwa sekunde. Ndogo inachoka, volti zinashuka, sauti inapasuka. Kubwa inatulia. Kinshasa, Konono N°1 ya Mingiedi Mawangu iliikuza likembe, ala ya vibamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa maikrofoni za sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari, na dunia ikasikiliza. Sikio la namna hiyo linastahili kupewa umeme wa kutosha.

Kuna asivyouza kwa ampli. Transfoma ya stabilaiza kwa kawaida ina koili moja inayotumika kuingiza na kutoa umeme; haimtengi mtu na umeme wa ukutani, na anayeshika chasi aweza kuwa ameshika waya wenye umeme. Ya oveni ya maikrowevu inatoa volti zipatazo 2,000, na mguso mmoja unatosha kuua. Na zile za mtaani zenye mafuta hazigusi: baadhi ya za zamani zina PCB, sumu iliyowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, na iliyong'olewa mahali pake imeacha nyumba nyingi gizani. Anayemletea hiyo usiku anarudi nayo, hata akiitoa kwa bei ya chumvi.