Shujaa Asiyelishwa na Mtu

Wapo wasomi wanaoziona hadithi za watu wenye nguvu zisizo za kawaida kuwa ni upuuzi wa watoto. Mimi si mmoja wao. Tangu Superman alipotokea katika magazeti ya katuni ya Marekani mwaka 1938, hadithi hizi zimekuwa zikiuliza swali zito: mtu anayeweza kufanya lolote, nani atamzuia? Hapa Malindi, hii yetu ya Lushoto wala si ile ya pwani ya Kenya, vijana huzitazama filamu hizo na kubishana nani angemshinda nani. Naona wanabishania jambo dogo. Kubwa ni hili: shujaa anakula kwa nani?

Swali hili limenijia kwa kusoma kitabu cha zamani, Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ambacho East African Literature Bureau ilikitoa mwaka 1962. Humo mna kisa cha Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu akawa mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi katika Usambara. Mpenzi wa filamu za X-Men, wale wanaochukiwa kwa jinsi walivyozaliwa, atamtambua mara moja. Mbega alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, na vigego waliogopwa kuwa huleta vifo katika ukoo. Nduguze wakamnyima urithi, akashika uwindaji pamoja na mbwa wake na dawa zake. Dawa hizo ndizo zilizokuwa nguvu zake.

Lakini tazama alivyoingia milimani. Hakuteka mji. Aliua nguruwe waharibifu wa mashamba, akagawa nyama, na wenyeji wakampa vyakula vya shambani. Nyama kwa mazao: huo ndio uliokuwa mkataba, ingawa haukuandikwa. Wasambaa walimpa utawala kwa kuwa waliiona faida yake, naye alidumu kwa kuwa wao walimlisha.

Sasa na tuwapime mashujaa wa filamu kwa kipimo hicho. Nguvu za Superman hutoka kwenye jua, na jua halina mwenyewe. Batman ni tajiri wa kurithi. Vifaa vyake ni vya fedha zake. Hakuna hata mmoja atakayepungukiwa na nguvu watu wakimnyima chochote. Ndiyo maana mji unaweza kubomoka katika ugomvi wao, kama katika Man of Steel ya mwaka 2013, na wenye mji wasiwe na la kufanya ila kukimbia. Captain America: Civil War, ya mwaka 2016, ilijaribu kuutibu ugonjwa huo kwa kutaka mashujaa wawe chini ya Umoja wa Mataifa. Wazo zuri, lakini filamu yenyewe ililiacha njiani ikageukia ugomvi wa marafiki wawili.

Black Panther ya mwaka 2018 ilinifurahisha, kama ilivyowafurahisha Waafrika wengi. Hata hivyo, katika Wakanda iliyoyapita mataifa yote kwa sayansi, kiti cha ufalme huamuliwa kwa kupigana kwenye maporomoko ya maji. Raia wako wapi? Wamesimama juu ya miamba, wanatazama. Utajiri wa nchi hiyo ni madini yaliyoanguka kutoka angani, nayo hayakutoka katika jasho la mkulima. Basi Killmonger anapokalia kiti, silaha zote ni zake, na asiyekubali hana njia ila kuasi.

Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa na dawa kamili. Wasambaa waliamini kwamba mfalme mwenye uwezo juu ya mvua anaweza kuiponya nchi, kuzifya shi, na kwa uwezo ule ule akaiharibu, kubana shi. Hapo waliona mbali kuliko filamu nyingi, ambazo humpa mmoja nguvu njema na mwingine nguvu mbaya. Lakini walitumaini kwamba mfalme ataitakia nchi shibe kwa kuwa naye anakula humo. Tumaini hilo lilivunjika baada ya Kimweri ye Nyumbai kufa mwaka 1862. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki kwa biashara. Bunduki hazioti shambani. Mkulima aliyekuwa mlishaji wa mtawala akageuka kuwa bidhaa. Watu wakauzwa utumwani, na Vugha, mji wa wafalme, ukachomwa moto. Wakuu walipogombana hivyo, ilikuwa kama wasemavyo: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Kwa hiyo siridhiki tunapofundishwa kwamba dawa ya nguvu kubwa ni moyo mwema wa mwenye nazo. Moyo hubadilika, na mrithi huja na moyo wake mwingine. Nguvu inayopata chakula chake mbali haina haja ya kuwasikiliza walio karibu, iwe ya mfalme, ya mwenye mitambo au ya mwenye mbegu. Mwandishi wetu atakayetunga hadithi ya sayansi na shujaa wake, ningemwomba jambo moja: amfanye shujaa huyo awe na njaa, na chakula chake kiwe mikononi mwa wale anaowaokoa. Hapo watu watakuwa na neno la kumwambia, naye atakuwa na sababu ya kulisikia.